Mwanya wa Mama Twahiru

Kosa lilikuwa la Alfredi, na umbo lake lilikuwa la korosho.

Lilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta asubuhi moja ya mwezi wa kumi, pale Masasi, katika ofisi ya mradi wa ramani za vijiji iliyokuwa imepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Alfredi alikuwa amebonyeza kitufe cha ukaguzi, ambacho kazi yake ni kutafuta dhambi za mchoraji na kuzipaka rangi. Kompyuta ikakoroma kama mwenye pumu, ikatafakari, kisha ikatoa doa jekundu katikati ya kijiji cha Chikwale na kijiji cha Nanditi. Doa limenona kichwani, limepinda tumboni, limechongoka mkiani. Ungeweza kulipakia kwenye gunia.

"Alfredi," akasema Getrude, mkuu wa ofisi, mwanamke mwenye tabia ya kusimama nyuma ya watu bila kukohoa. "Hicho nini?"

"Korosho, bosi."

"Hilo naliona. Nauliza inafanya nini kati ya vijiji vyangu."

Sasa, mambo ya ramani si magumu kama watu wa ramani wanavyopenda tuamini. Mpaka wa vijiji viwili ni mmoja, kama ukuta kati ya vyumba viwili vya kupanga: mpangaji wa huku akigongelea msumari, picha inaanguka kwa jirani. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Unachora mstari mmoja, vijiji vyote viwili vinauegemea. Ukiukamata mstari ule ukausogeza, kijiji kimoja kinanenepa na kingine kinakonda saa ileile, na hapabaki ardhi ya kuelea. Ndivyo walivyofundishwa kwenye kozi Dar es Salaam, na somo hilo lilifundishwa siku ambayo Alfredi alikuwa chooni, akilipia chipsi za usiku uliopita. Kwa hiyo yeye aliichora Chikwale peke yake, mzunguko mzima, akafunga. Kisha akaichora Nanditi peke yake, mzunguko mzima, akafunga. Kila kijiji na ukuta wake. Na penye kuta mbili zilizokaribiana hapakosi panya.

Usimcheke sana. Alfredi hakuzaliwa mtu wa kompyuta. Alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha korosho mpaka soko huria lilipoingia, kiwanda kikafungwa na mashine zikageuka viota vya njiwa. Akauza mitumba, akagundua kwamba Masasi nzima inauza mitumba na hakuna aliyebaki wa kununua. Akatengeneza redio, nyingine zikapona. Mradi ulipotangaza nafasi ya mtu "mwenye ujuzi wa vifaa vya kielektroniki" akajipeleka na bisibisi mfukoni, wakamchukua. Dunia ilikuwa imemfundisha jambo moja tu, kwamba mtu akikuuliza kama unajua, jibu ni ndiyo, na kujua kutafuata.

"Si kosa langu lote," akajitetea. "Tazama nyayo."

Nyayo ndivyo walivyoita njia iliyorekodiwa na jipiesi, kile kidude cha kunasa setilaiti ambacho wapimaji walitembea nacho mpakani, wakiongozwa na mwenyekiti wa kijiji husika. Alfredi akaziweka nyayo za vijiji vyote viwili juu ya picha iliyopigwa na ndege. Za Chikwale zilikuja zimenyooka kama mtu anayewahi pilau, zikafika mahali fulani, zikajikunja kuelekea ndani, zikazunguka, kisha zikaendelea na safari. Za Nanditi zilikuja vilevile, zikajikunja pale pale, kwa upande wa pili. Zilikuwa kama za watu wawili waliokuta kinyesi njiani, kila mmoja akakikwepea upande wake.

"Na wanakwepa nini hapo?" akauliza Getrude.

Alfredi akavuta picha karibu. Mikorosho mikubwa, yenye kivuli cha kutosha harusi mbili. Bati linang'aa. Kibanda uani.

"Nyumba, bosi. Mwanya una nyumba ndani."

"Basi una mwenyewe. Mtafute kabla hajakutafuta yeye."

Ushauri mzuri, ila ulichelewa. Mwenyewe alikuwa amekwisha shuka stendi na alikuwa akiuliza njia kwa muuza vipuri, kwa sauti iliyopita ukutani bila kubisha hodi.

Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, mabega mapana, kanga doti moja, miguuni viatu vya kiume vilivyowahi kuwa vya Mzungu fulani mwenye nyayo kubwa. Katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya, na mwanya huo enzi zake uliwapoteza njia wanaume wengi kuanzia Makote hadi Chiungutwa.

"Nani hapa anaitwa Alfredi?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ni wewe uliyeniweka kwenye mwanya?"

Alfredi, kwa bahati mbaya, akamtazama mdomoni.

"Si huu," akasema yule mama. "Huu nilizaliwa nao, na ulikuwa mtaji. Nasema ule wa kwako."

Jina lake Mwanasha, lakini tangu amzae Twahiru hakuna aliyelitumia isipokuwa watu waliokuwa wakimwogopa, ambao walilitumia kwa kunong'ona. Akavuta kiti cha Alfredi, akakaa, Alfredi akabaki amesimama kama mgeni ofisini kwake. Habari yenyewe ilikuwa hii. Mwezi wa kumi na moja kuna uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, na Mama Twahiru anataka kugombea Chikwale. Anayegombea lazima awe mkazi wa kijiji, na mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Amekwenda kwa mtendaji wa Chikwale, mtendaji akaitazama rasimu ya ramani iliyobandikwa ukutani, akakuna kichwa, akasema: mama, ramani inasema wewe si wetu. Akavuka kwenda Nanditi. Mtendaji wa Nanditi naye akatazama ya kwake, akasema: mama, wala si wetu.

"Kwa hiyo kwa mujibu wa ofisi hii," akasema, "mimi sikai popote. Naelea kama kumbikumbi."

"Ni hitilafu ndogo tu, mama."

"Ndogo kwako. Ile mikorosho niliachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Pale nimezaliwa, pale nimezaa, pale nimeolewa na pale pale nimemfukuza mume. Leo kijana wa Masasi anayekaa na feni ananiambia hitilafu."

"Feni yenyewe mbovu," akasema Alfredi.

"Afadhali."

Getrude akamuuliza kwa nini wenyeviti wawili wazima wamzunguke mtu kama shimo la taka. Mama Twahiru akacheka, na ule mwanya ukaangaza ofisi.

Chikwale, akaeleza, kuna mashine moja ya kupulizia sulfa kwenye mikorosho. Mali ya kijiji. Kila msimu inaanza kwenye shamba la mwenyekiti, Mzee Nurdini, na kila msimu inaharibika siku anapomaliza mkorosho wake wa mwisho. Ya wenzake inaliwa na ukungu, maua yanakauka, korosho zinatoka kama punje za choroko. Mwaka jana kwenye mkutano mkuu alisimama akauliza ni ugonjwa gani huo wa mashine unaosubiri kwa adabu mpaka mwenyekiti amalize. Mkutano ulicheka mpaka ukafungwa bila kufungwa. Na Nanditi je? Nanditi hakuwafanyia kitu. Alikwenda kumsalimia shangazi tu, akakuta mkutano, akaulizia tangi la maji.

"Mara moja?" akauliza Getrude.

"Mara moja. Kwa muda mrefu."

Akaugeukia mstari kwenye kioo. "Hebu nioneshe. Mimi ni ipi hapo?"

Alfredi akaonyesha kwa kidole. "Hii nukta nyeupe. Ndilo bati lako."

"Nimekonda." Akasogeza uso. "Haya. Futa huo ukuta wa Nurdini, unirudishe Chikwale, niwahi gari."

Na Alfredi angeweza. Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya, na huruma ilikuwa tayari kwenye mkono. Getrude ndipo akakohoa, kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe.

"Mpaka hauamuliwi na aliyefika ofisini mapema," akasema. "Kesho atauliza mwingine nimempa nani nini. Wenyeviti wote wawili wakubaliane palepale ardhini, mbele ya mtendaji wa kata. Wasipokubaliana, mstari unapita katikati ya mwanya. Ndio utaratibu, mama, na sikuutunga mimi."

"Katikati ya mwanya ni uani kwangu."

"Pole."

Mama Twahiru akasimama, akafunga kanga upya. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Ijumaa ikinikuta naelea," akasema, "Nurdini anapita bila kupingwa, maana hakuna mwingine aliyethubutu. Miaka mitano mingine mashine inaugua. Mimi mikorosho yangu ni mikubwa, itanizika. Wapo wenye mikorosho mitatu. Njoo na huo utaratibu wako, mwanangu, na uje nao mapema."

Kesho yake Alfredi akaupandisha utaratibu mlimani kwa pikipiki ya mradi. Ukitoka Masasi unaacha majabali yameketi nyuma yako kama wazee waliogombana, halafu barabara inaanza kupanda uwanda wa Makonde na pikipiki inaanza kusali. Huko juu Newala upepo unakata masikio. Watu wanavaa masweta ya Ulaya na wanayaheshimu. Msimu ulikuwa umeanza, mabibo yameanguka chini ya kila mkorosho, na harufu yake ilimfanya Alfredi apite Makote akiwa amelewa nusu bila kuonja kitu.

Chini ya mikorosho ya Mama Twahiru palikuwa pamejaa. Habari kwamba mtu anagawanywa inavuta watu kuliko habari ya mtu kugawiwa. Ida, mtendaji wa kata, binti mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo, alikuwa amekwisha fika. Wenyeviti wawili walikuwa wamesimama mbalimbali, kila mmoja na watu wake. Mzee Nurdini wa Chikwale, mfupi, kofia imekaa sawasawa, alizungumza kama mtu aliyewahi kushika kipaza sauti akakosa wa kumnyang'anya. Mzee Reginald wa Nanditi alikuwa mrefu, mpole, mzee wa kanisa, mwenye sura ya kuomba radhi kwa kila kitu ikiwemo urefu. Wawili hao waliingia jandoni msimu mmoja, kwa hiyo hawakuwa na siri baina yao, na heshima waliyopeana ilikuwa ya mbele za watu tu.

Mama Twahiru mwenyewe alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda mlangoni pa banda la jiko, anamenya mihogo. Aliitikia shikamoo za wote na hakuongeza neno.

Katika kazi hii Alfredi alikuwa ameona watu wakishikiana mapanga kwa upana wa unyayo. Aliona ndugu wa tumbo moja wakihamisha jiwe la mpaka kwa zamu. Hakuwahi kuona aliyoyaona siku ile.

"Mimi kwa upande wangu," akaanza Mzee Nurdini, "sisi watu wa Chikwale hatuna uroho wa ardhi. Hapa pote, mikorosho hii, nyumba hii, tunawaachia ndugu zetu wa Nanditi. Kwa moyo mweupe."

Watu wa Nanditi wakaguna.

"Tunashukuru," akasema Mzee Reginald. "Tumeguswa. Lakini Maandiko yanasema ni heri kutoa kuliko kupokea. Tunawarudishia."

"Hatuwezi kupokea zawadi kubwa hivyo."

"Pokeeni tu."

"Mwenyekiti mwenzangu, shamba hili lina rutuba."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

"Ninyi mna watu wachache, ongezeni."

"Huyu mmoja ni sawa na kumi, tutazidiwa."

Kicheko kikapita kwenye umati. Mama Twahiru akaendelea kumenya. Ganda la muhogo lilitoka refu, bila kukatika.

"Basi inatosha," akasema Ida. "Hamkubaliani. Mtaalamu, pitisha katikati."

Mtaalamu akatoa utepe na vigingi. Akapima upana wa mwanya hapa, akagawa kwa mbili, akagongelea kigingi; akasogea, akapima, akagongelea. Watoto walimfuata, mbuzi mmoja alimfuata, na mzee mmoja alimfuata akimrekebisha bila kuombwa. Mstari ukashuka kutoka mikorosho ya juu, ukapita nyuma ya banda la kuku, ukaingia uani, ukatoka upande wa pili. Alipogongelea kigingi cha mwisho akanyoosha mgongo, akatazama, akaona alichokifanya. Nyumba ya kulala ilikuwa imebaki Nanditi. Banda la jiko lilikuwa Chikwale. Kuku walikuwa wanavuka kijiji kwenda kijiji bila barua ya utambulisho.

"Sasa mimi nimuandike wapi mtu huyu?" akauliza Ida. "Nyumba huku, jiko kule."

Kila mwenyekiti alipiga hesabu kichwani, na Mzee Nurdini akamaliza kwanza.

"Jambo jepesi," akasema. "Mtu ni mkazi wa pale anapolala. Hata polisi wakikukamata swali la kwanza ni unalala wapi. Kitanda kiko Nanditi. Hongereni."

"Hapana," akasema Mzee Reginald, na upole ukamtoka kama koti. "Mtu ni kaya. Na kaya ni chungu. Karani wa sensa alipokuja juzijuzi aliuliza wanaokula chungu kimoja ni wangapi, hakuuliza vitanda. Chungu kiko Chikwale."

"Kwa hiyo anayekula kwa mama ntilie Newala mjini ni mkazi wa mama ntilie?"

"Na wewe ulivyolala Masasi msimu ule wa mauzo, kwa yule dada wa kantini, ulikuwa mkazi wa kantini?"

Umati ukapata ulichokifuata. Wanawake wa Chikwale wakapiga vigelegele, mmoja akaomba lirudiwe kwa walio nyuma. Mzee Nurdini akaishika kofia yake kwa mikono miwili, kana kwamba upepo umezidi.

"Nipeni kauli moja," akasema Ida. "Kulala au kula. Nyote wawili mkubali, niandike, niondoke. Nina kata nzima."

"Kulala."

"Kula."

"Kulala, na sirudi nyuma."

"Kula, na mimi nimekaa." Na kweli Mzee Reginald akakaa, juu ya gogo, akakunja miguu yake mirefu.

Alfredi akatazama jua. Ilikuwa Jumatano inayoelekea kuisha. Wakiendelea hivi, Ijumaa ingefika wakiwa wanatajana makantini, na Nurdini angepita hata kama hakushinda mabishano, ilimtosha yasiishe. Alfredi aliliona hilo, na alipomtazama Mama Twahiru akajua kwamba yeye aliliona tangu kigingi cha kwanza.

"Mama Twahiru," akasema Ida, "wewe mwenyewe unasemaje?"

Mama Twahiru akaweka kisu, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Mimi ni mtu wa kutii viongozi," akasema.

Mtu fulani nyuma akapaliwa na mate.

"Mwenyekiti wangu Mzee Nurdini ndiye aliyenilea kiuongozi. Kama anasema mtu ni pale anapolala, mimi naikubali kauli yake. Sitaki mabishano."

Mzee Nurdini akaiachia kofia yake. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akakuta mlango umefunguliwa na mkeka umetandikwa.

"Umesikia?" akamwambia Mzee Reginald. "Mwenyewe kakubali."

"Ila mwenyekiti," akasema Mama Twahiru, "hawa wa nyuma hawakusikia vizuri. Rudia kidogo, isije kesho wakasema nimeitunga."

Mzee Nurdini hakuhitaji kuombwa mara mbili. Akapanda juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa uani, akapata urefu wa kutosha.

"Nasema hivi. Mtu ni mkazi wa pale kitanda chake kilipo. Sio jiko, sio choo, sio banda la kuku. Hata akipikia mbinguni, kitanda kikiwa Nanditi, yeye ni wa Nanditi. Na kikiwa kwingine, ni wa kwingine. Hiyo ni kauli yangu kama mwenyekiti, na mtendaji wa kata aiandike hivyo."

"Naandika hivyo," akasema Ida. "Mzee Reginald?"

Mzee Reginald alikuwa karibu kukataa. Lakini kutoka pale kwenye gogo alikuwa anamwona Mama Twahiru vizuri kuliko wengine, na alimwona akifanya kitu cha ajabu. Alikuwa anaupima mlango wa banda la jiko kwa shubiri, mkono nyuma ya mgongo, uso kwa watu. Mzee wa kanisa akamtazama, akautazama mlango, akaitazama nyumba. Nuru ikamshukia polepole, kama inavyowashukia watu warefu.

"Nakubali," akasema. "Kulala. Mia kwa mia. Nurdini ana hekima ambayo sikuijua."

"Imeisha," akasema Ida, akafunga mkoba.

"Dakika moja tu, mwanangu," akasema Mama Twahiru. Akaingia nyumbani.

Kikasikika kitu kikiburutwa. Kisha kimya. Kisha ukatokea mguu wa kitanda mlangoni, kitanda cha mninga kilichofumwa kwa kamba, ukafuata mguu wa pili, kisha kitanda kikakwama, na nyuma yake sauti ikasema, "Hakuna wanaume hapa, au wote wanagombea?"

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee Reginald. Alivuka ua kwa hatua ambazo hakuwahi kuzipiga akienda kanisani, akashika upande mmoja. Alfredi akajikumbusha kwamba mpimaji hana upande. Kisha akaushika wa pili, kwa sababu kitanda kinazo pande mbili na mmoja ulikuwa unaburuta.

"Simameni," akasema Mzee Nurdini, bado yuko juu ya kinu. "Mnakipeleka wapi?"

"Chikwale," akasema Mama Twahiru, mto kwapani. "Karibu nyumbani kwangu, mwenyekiti."

"Huwezi kulala jikoni."

"Wewe Mama Hamidu akikukasirikia unalala wapi?"

Mama Hamidu, mkewe, alikuwepo, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Mzee Nurdini akateremka kwenye kinu akamshika Alfredi mkono, na kitanda kikasimama katikati ya ua, nusu Nanditi, nusu Chikwale.

"Mtaalamu. Sikiliza. Sogeza huo mstari. Kidogo tu, hatua chache, ulipite hilo jiko."

"Naweza, mzee," akasema Alfredi. "Ila mstari ni mmoja. Nikiusogeza kwako, umesogea na kwa Mzee Reginald, siwezi kuvuta wa kwako nikauacha wa kwake. Lazima na yeye akubali."

Wote wakamgeukia Mzee Reginald, aliyekuwa anatokwa jasho chini ya mninga.

"Nimeshika kitanda," akasema. "Siwezi kushika na mambo mengine."

Wakavuka vigingi. Mlango wa jiko ulikubali kitanda kwa ubavu, baada ya kutolewa pipa, kuku wawili na mfuko wa mkaa. Kilipotua ndani, Mama Twahiru akakikalia, akapima kamba kwa kiganja, akatoka akasimama mbele ya Ida.

"Andika," akasema. "Nimelala."

Alhamisi asubuhi, Masasi, Alfredi akafuta kuta zake zote mbili. Akaingiza vipimo vya vigingi, akavuta mstari mmoja kutoka juu hadi chini, akaziegemeza Chikwale huku na Nanditi kule. Akakamata nukta moja ya mstari, ile ya uani, akaisogeza kidogo kwa majaribio. Vijiji vyote viwili vikasogea pamoja, kama wanaovutana kwa kanga moja. Akairudisha upesi mahali pake, maana alijua amemkanyagia mtu kitanda. Akabonyeza ukaguzi. Kompyuta ikakoroma, ikatafuta dhambi, ikakosa.

Getrude akautazama mstari.

"Umepita katikati ya nyumba ya mtu na jiko lake," akasema.

"Walikubaliana, bosi. Wenyeviti wote wawili."

"Wamelazimishwa na nani?"

"Na Mzee Nurdini."

Akaichapa, akaikunja, akapanda tena mlimani. Mtendaji wa Chikwale akabandua ramani ya zamani, akabandika mpya, akaweka kidole kwenye kibanda, akakifuata mpaka kwenye mstari, akaona kiko upande wake, akapumua. Jina likaingia. Nje, chini ya mwembe wa shule, tayari kulikuwa na kijana wa Mzee Nurdini anapiga tarumbeta la kampeni na mama wawili wanamcheka.

Alfredi akapitia kwa Mama Twahiru kuaga. Alimkuta jikoni, kitanda kimekula nafasi yote, yeye ameketi juu yake anakoroga ugali bila kuinuka, moshi unawazunguka wote wawili. Akamkaribisha mwisho wa kitanda. Alfredi akaanza kutokwa na machozi kabla ya tonge la kwanza.

"Mama, usiku unaweza kweli humu?"

"Jana nilikohoa mpaka jogoo akadhani nimemwamsha. Lakini nimelala Chikwale, na atakayekuja kuchungulia atanikuta." Akamkatia samaki mkavu. "Kula, usiogope, huku ndiko kulipo na chungu pia. Nurdini kashindwa kwa kula na kwa kulala."

"Na utalala humu mpaka lini?"

Mama Twahiru akachungulia mlangoni, akaonyesha kigingi kwa mwiko.

"Lini sijui," akasema. "Mpaka ni ule pale."